Kuwasilisha mada darasani bila kusoma slaidi wala kukariri: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili kujiandaa kwa semina, na anguko ninaloliona ni lile lile. Mwanafunzi amesoma vya kutosha. Usiku uliopita ameieleza mada yake kimbwetani, kwenye meza za nje za kujisomea, wenzake wakamwelewa na hata wakambishia. Asubuhi anasimama mbele ya darasa, anageukia ukuta, anaanza kusoma slaidi neno kwa neno. Au amekariri kurasa nne. Anakwenda vizuri dakika mbili, neno moja linamponyoka, na yote yaliyolifuata yanaondoka nalo.

Nilikuwa huyo wa pili. Katika semina yangu ya kwanza aya ya tatu ilinitoka kichwani, nikasimama kimya nikitazama sakafu, kisha nikarudi kuketi mada ikiwa nusu. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Sababu ya anguko ni moja: tunajiandaa kwa macho, kisha tunapimwa kwa mdomo. Kusoma mada mara ishirini hakuufundishi ulimi kitu. Mwongozo huu ni wa kuuandaa mdomo. Nimechukulia kwamba una dakika 10 za kuwasilisha, siku 10 za kujiandaa, na kwamba utazungumza kwa Kiingereza ilhali unafikiri kwa Kiswahili, kama ilivyo kwa wengi wetu katika vyuo vikuu vya Tanzania. Ukiwa na siku chache, punguza marudio ya mazoezi lakini usiruke hatua.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kinasa sauti na saa ya kuhesabu dakika.
- Karatasi ya manila, uikate kadi 5 zinazoenea kiganjani. Karatasi laini haifai: mkono ukitetemeka kidogo, karatasi laini hupepea na darasa zima likaona. Kadi ngumu hutulia.
- Kalamu ya wino mzito.
- Msikilizaji mmoja asiyesoma kozi yako. Mwenzako wa chumbani hosteli anafaa. Mama mdogo uliyefikia kwake anafaa zaidi, maana hataona haya kukuambia hajaelewa.
- Chumba kitupu unachoweza kusimama na kupaza sauti. Madarasa mengi huwa hayana watu jioni na Jumamosi. Kiongozi wa darasa anaweza kukuulizia.
- Slaidi zako mahali patatu: kwenye flashi, kwenye barua pepe na kwenye simu. Zihifadhi pia kwa PDF, kwa sababu kompyuta ya darasani yenye programu ya zamani huvuruga herufi na kuhamisha picha.

## Hatua ya 1: Uliza kabla hujaandika chochote

Muulize mhadhiri mambo matatu. Dakika ni ngapi, na je, maswali yamo ndani yake? Alama zinagawanywaje? Je, unaruhusiwa kushika kadi?

Wengi huona kuuliza hivi ni kumsumbua mwalimu. Nimeshuhudia wanafunzi waliotayarisha dakika 20 wakikatizwa kwenye dakika ya 10, kabla hawajafikia matokeo ya utafiti wao, yaani kabla hawajafikia sehemu yenye alama nyingi.

Kisha nenda kaone darasa lenyewe. Simama pale utakaposimama. Angalia soketi ziko wapi, projekta inaunganishwa upande gani, na feni za darini zina kelele kiasi gani. Feni humeza sauti. Ukijua mapema, utaomba moja izimwe badala ya kugundua katikati ya mada kwamba safu za nyuma hazisikii.

## Hatua ya 2: Andika sentensi moja

Andika jambo moja unalotaka mtu aondoke nalo. Liwe sentensi kamili inayodai kitu.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Mwanafunzi wa kilimo amefanya mafunzo kwa vitendo Ilula, mkoani Iringa, kwa wakulima wa nyanya. Akiandika "Upotevu wa nyanya baada ya mavuno", hicho ni kichwa cha habari tu, hakidai lolote. Akiandika "Nyanya za Ilula zinaumia ndani ya tenga kabla hazijafika soko la Ilala, kwa hiyo tuanze kurekebisha tenga", hapo mtu anaweza kukubali au kubisha. Hapo ana mada.

Kipimo ni rahisi. Mwambie mwenzako sentensi hiyo mkiwa kwenye foleni ya chakula. Akikuuliza "kwa nini?", endelea. Akisema "sawa" na kunyamaza, rudi ukaiandike upya.

## Hatua ya 3: Chagua vituo vitatu

Dakika 10 zinabeba hoja tatu. Nne zinabanana, na ya mwisho husemwa mbio mbio mhadhiri akiwa ameshatazama saa.

Kumbukumbu ya msikilizaji hupenda vitatu. Mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba Tanzania itapigana na Idi Amin, alijenga hoja yake juu ya uwezo, sababu na nia. Watu waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wanavitaja vyote vitatu bila kusaidiwa.

Kwa mwanafunzi wetu vituo vinaweza kuwa hivi. Cha kwanza ni tenga lenyewe: mbao ngumu, kina kirefu, nyanya za juu zinakandamiza za chini. Cha pili ni safari: zaidi ya kilomita 400 hadi Dar es Salaam, joto likipanda kadiri lori linavyoshuka kutoka nyanda za juu. Cha tatu ni tiba: kreti za plastiki zisizo na kina, na swali la nani azinunue.

Kila kituo kipe kitu kimoja cha kushikika: namba moja uliyoipima mwenyewe, picha moja uliyoipiga, au mtu mmoja uliyezungumza naye. Kituo kisicho na kitu cha kushikika ndicho wewe mwenyewe utakachokisahau kwanza.

Gawa muda: dakika 1 ya mwanzo, dakika 2 na nusu kwa kila kituo, dakika 1 ya mwisho. Inabaki nusu dakika. Iache hivyo hivyo. Italiwa na kuunganisha projekta.

## Hatua ya 4: Isimulie kwa Kiswahili kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kama ningeambiwa nibakize moja tu, ningeibakiza hii.

Keti na msikilizaji wako. Usishike karatasi. Washa kinasa sauti, kisha mweleze mada yote kwa Kiswahili kama unavyompa mtu habari za safari.

Sababu yake ni hii. Ukianza moja kwa moja kwa Kiingereza, akili inafanya kazi mbili kwa pamoja, kutafuta hoja na kutafuta maneno. Ikizidiwa inakimbilia sentensi za kitabuni, na sentensi za kitabuni hazisemeki, ziliandikwa zisomwe. Ukishaisimulia mada kwa Kiswahili hadi mtu akaelewa, mpangilio wa hoja unakuwa umekaa kichwani. Kazi inayobaki ni ya maneno tu.

Sikiliza rekodi yako siku hiyo hiyo na utafute vitu viwili.

Kwanza, mahali msikilizaji alipokukatiza. Kila swali lake ni tundu katika maelezo yako. Mama mdogo akiuliza "kwani hilo tenga lina ukubwa gani?", ujue hata darasani watu watajiuliza hivyo hivyo, ila wao hawatasema.

Pili, kila uliposema "yaani". Tunasema "yaani" tunapoona tulichosema hakijaeleweka, kisha tunakisema upya kwa lugha nyepesi. Mara nyingi kilichofuata "yaani" ni bora kuliko kilichotangulia. Kichukue hicho, uache kile cha kwanza.

Tahadhari: usiitafsiri rekodi sentensi kwa sentensi. Chukua mpangilio na mifano, basi. Na ikiwa utawasilisha kwa Kiswahili, tuseme wewe ni wa idara ya Kiswahili, hatua hii bado inakuhusu: sema kabla hujaandika.

Umeikamilisha pale msikilizaji anapoweza kukurudishia vituo vyako vitatu kwa maneno yake mwenyewe. Akikosa kimoja, simulia tena kesho yake.

## Hatua ya 5: Ipeleke kwenye Kiingereza cha mdomo

Simulia tena mada ile ile, safari hii kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, kila moja na wazo lake. Sentensi usiyoweza kuimaliza kwa pumzi moja ikate mara mbili.

Orodhesha maneno 10 unayoyaogopa kuyatamka. Fungua kamusi ya simu inayotoa sauti, sikiliza kila neno, lirudie kwa sauti mara kadhaa asubuhi na jioni. Angalia hasa mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, nasi tunaibeba tabia hiyo hadi kwenye Kiingereza, ambako mkazo unahamahama. Katika neno economy sauti inapanda kwenye silabi ya pili; katika economic inapanda kwenye ya tatu. Mkazo ukikaa pasipo pake, msikilizaji hutumia nguvu kulitambua neno na sentensi inayofuata inampita.

Neno linaloendelea kukushinda baada ya siku tatu, libadilishe. Kila neno lina ndugu yake aliye mwepesi.

Lafudhi yako iache kama ilivyo. Usianze kwa kuomba radhi kwa ajili ya Kiingereza chako, kwa sababu ukiomba radhi unawafundisha watu watafute makosa. Zungumza taratibu, maliza maneno, watakuelewa.

## Hatua ya 6: Tengeneza kadi

Kadi ziko tano: mwanzo, vituo vitatu, mwisho. Kila kadi iwe na maneno machache yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, na namba ya kadi pembeni ili zikikuanguka uzipange upya bila kubabaika.

Kadi ya kituo cha kwanza ya mwanafunzi wetu inaweza kusomeka hivi tu: TENGA. Mbao. Kina. Juu / chini. Picha ya 2.

Usiandike sentensi kwenye kadi. Jicho likiona sentensi litaisoma, na sauti yako itageuka mara moja kuwa ya mtu anayesoma. Namba, tarehe na majina ya watu ndiyo peke yake unayoyaandika kamili, kwa kuwa hayo ndiyo yanayotoka kichwani kwanza mtu akibabaika.

## Hatua ya 7: Kariri mwanzo na mwisho, basi

Nimesema usikariri. Sentensi tatu za kwanza na mbili za mwisho ziko nje ya katazo hilo. Dakika ya kwanza ndiyo moyo unapopiga kwa kasi zaidi, na mwisho ndiyo mahali watu wengi wanapotapatapa wakisema "nadhani ni hayo tu".

Kuhusu mwanzo, niseme jambo linaloniuma. Tumelelewa kwenye mikutano ambako kila msemaji anaanza kwa kumtaja mgeni rasmi, meza kuu, viongozi wa dini na wazee wote, hadi aseme "itifaki imezingatiwa". Ni adabu nzuri na ina mahali pake. Lakini nimeona mwanafunzi mwenye dakika 10 akitumia mbili kushukuru, kujitambulisha, kutaja namba yake ya usajili na kusoma kichwa cha mada kilichokwisha andikwa ukutani. Adabu ya darasani inatosha kwa sentensi moja: msalimie mwalimu, wasalimie wenzako, taja jina lako. Kisha ingia.

Ingia kwa kitu kinachoonekana. Mwanafunzi wetu anaweza kuinua nyanya mbili, moja nzima na moja iliyopasuka, na kusema zimetoka shamba moja, siku moja, zikasafiri kwenye tenga moja. Hii ilikuwa juu, hii ilikuwa chini. Darasa litanyamaza. Baada ya hapo anatoa ile sentensi yake ya hatua ya 2.

Mwisho urudie sentensi hiyo kwa maneno mengine, useme unachopendekeza kifanyike, ushukuru, unyamaze.

## Hatua ya 8: Slaidi

Slaidi ziwe chache, saba zinatosha, na nyingi ziwe picha au jedwali moja dogo. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa umesimama ukuta wa nyuma. Nenda kasimame huko uhakikishe. Jambo lililoandikwa ukutani usilisome, lieleze. Likiwa halihitaji maelezo, lifute.

Zitengeneze baada ya kadi. Anayeanza na slaidi huishia kuzifuata badala ya zenyewe kumfuata.

## Hatua ya 9: Fanya mazoezi kwa mdomo, umesimama

Anza kabla siku nne hazijabaki. Mara moja kila siku kwa uchache, mara mbili ikiwezekana. Kulala kitandani ukipitia kadi kwa macho hakuhesabiki hapa.

Mazoezi ya kwanza: nenda hadi mwisho. Simama peke yako, kadi mkononi, saa ikihesabu. Ukikosea, endelea. Anayerudi mwanzo kila akikosea huijua dakika ya kwanza vizuri sana na ya mwisho hajawahi kuifika. Tena anajifunza tabia mbaya, ya kusimama kila anapokosea, na siku yenyewe mwili utarudia tabia hiyo.

Ya pili: jisikilize. Rekodi sauti, kisha sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza hutaipenda sauti yako. Karibu kila mtu huhisi hivyo, maana tumezoea kuisikia ikipitia mifupa ya kichwa. Mara ya pili hesabu "aaa", "so" na "okei" zote. Dawa yake ni kunyamaza: pale ulipotaka kusema "aaa", funga mdomo, vuta pumzi, endelea. Kimya unachokiona kirefu, kwa msikilizaji ni kifupi sana.

Ya tatu: msikilizaji wa nyuma. Mkalishe mwenzako safu ya mwisho. Kazi yake ni kuinua mkono kila asiposikia. Utagundua haikosekani sauti yote, unakosekana mwisho wa sentensi, kwa sababu pumzi inaisha kabla ya maneno. Weka mkono tumboni. Ukivuta pumzi, tumbo ndilo liinuke, mabega yabaki yametulia. Pumzi ya tumboni inatosha sentensi nzima, ya kifuani inakatika njiani.

Ya nne: anzia katikati. Mwombe mwenzako achomoe kadi yoyote, nawe uanzie hapo. Mazoezi haya ndiyo yanayotibu ugonjwa wangu wa aya ya tatu. Mtu anayeweza kuanzia popote hawezi kupotea, maana popote alipo ni mwanzo.

Ya tano: usumbufu. Mwenzako azime projekta katikati. Aingie mlangoni akichelewa, aburute kiti, simu yake iite. Wewe unaendelea. Umeme hukatika, na aliyefanya mazoezi haya humaliza mada akiwa na kadi zake na nyanya zake mbili.

Lenga dakika 9. Mbele ya watu, wengine huenda mbio na wengine huvuta. Dakika hiyo moja inabeba hali zote mbili. Ukizidisha, usijilazimishe kusema haraka. Kata mfano mmoja.

Utajua uko tayari pale marudio mawili yatakapokuwa na maneno tofauti lakini vituo vile vile, kwa mpangilio ule ule. Maneno yakifanana kabisa, umeanza kukariri. Pumzika siku moja.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla. Epuka vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa nyingi: kafeini inauharakisha moyo ambao tayari utakuwa na haraka yake. Fika dakika 30 mapema, fungua faili lako kwenye kompyuta ya darasani, pitisha slaidi zote, kisha nenda chooni.

Moyo utakwenda mbio, mdomo utakauka, viganja vitalowa. Hiyo ni adrenalini. Mwili umeona watu wengi wakikutazama na unajiandaa kama ulivyoumbwa. Wazungumzaji wazoefu nao huisikia. Kwa wengi hutulia baada ya dakika ya kwanza au ya pili, na ndiyo sababu mwanzo ulikaririwa.

Ukiwa bado umeketi, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4, itoe kwa kuhesabu hadi 7. Fanya mara tano. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua. Kunywa funda moja la maji. Wakati wenzako wanawasilisha, wasikilize kwa dhati badala ya kupitia kadi zako. Akili inayosikiliza wengine haina nafasi kubwa ya kujitisha.

Mwenye kigugumizi cha kuzaliwa au cha muda mrefu aongee na mhadhiri siku kadhaa kabla, aombe dakika za ziada. Ni haki ya kuombwa bila aibu. Kuwaambia darasa mwanzoni "nina kigugumizi, nitachukua muda kidogo" kumewaondolea mzigo wanafunzi kadhaa niliowasaidia, kwa kuwa baada ya hapo hawakuwa na cha kuficha.

## Hatua ya 11: Mbele ya darasa

Tembea hadi mahali pako, simama, miguu ikae sawa. Tazama watu. Hesabu moja, mbili kimoyomoyo. Ndipo useme neno la kwanza.

Macho ni suala gumu kwetu. Wengi tumefunzwa nyumbani kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu, kisha chuoni tunaambiwa tumtazame mhadhiri usoni. Mwanafunzi anajikuta akitazama dari. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kuchagua nyuso tatu za wenzako, moja kushoto, moja katikati nyuma, moja kulia, watu wanaokutakia heri. Kila sentensi ikamilishe ukimtazama mmoja wao. Kwa mhadhiri peleka macho unapomaliza kila kituo, kwa muda wa sentensi moja, kama unavyomtazama mzee unapompokea mzigo. Hiyo ni heshima na ni mawasiliano.

Kati ya kituo na kituo nyamaza, badilisha kadi bila kujificha, sogea hatua moja. Darasa litaelewa kwamba tumetoka hapa, tunakwenda pale.

Ukipotea, na siku moja utapotea, fanya hivi kwa mpangilio huu: nyamaza, vuta pumzi, tazama kadi, sema tena sentensi ya mwisho unayoikumbuka. Mara nyingi inavuta inayofuata. Isipovuta, ingia kituo kinachofuata. Hakuna anayejua ulichotaka kusema, kwa hiyo usitangaze "nimesahau".

Minong'ono ikianza safu za nyuma, usishindane nayo kwa sauti. Nyamaza ukiwatazama kwa utulivu hadi itulie, kisha endelea.

## Hatua ya 12: Maswali

Sikiliza swali hadi liishe. Lirudie kwa ufupi kwa sauti: wengine watalisikia, utahakikisha umelielewa, na utapata sekunde za kufikiri. Jibu kwa sentensi mbili au tatu, usianze mada upya.

Kabla ya siku hiyo andika maswali matano unayoombea yasiulizwe. Uandalie kila moja jibu. Mwanafunzi wetu ataulizwa bei ya kreti, na kwa nini wakulima hawazitumii ikiwa ni nzuri hivyo. Asipojua, aseme "hilo sikulipima katika utafiti wangu, nilichopima ni hiki", kisha akitaje. Kubuni namba mbele ya mtu aliyefundisha somo hilo kwa miaka mingi kunakugharimu kuliko kutojua.

## Mkiwa kikundi

Kazi ya kikundi huharibika kwenye kupokezana. Kila anayemaliza ataje jina la anayefuata na jambo atakalolieleza, kwa sentensi moja. Fanyeni mazoezi ya kupokezana kwenyewe, mkisimama na kubadilishana nafasi. Na kila mmoja aweze kueleza kituo cha mwenzake, maana kuna asubuhi mmoja ataamka anaumwa.

## Baada ya kushuka

Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, andika nyuma ya kadi ya mwisho vitu vitatu: ulitumia dakika ngapi, uliulizwa maswali gani, na ni wapi watu waliinua vichwa kukutazama. Hapo walipoinua vichwa ndipo palipokuwa na kitu cha kushikika.

Kisha tafuta nafasi ya pili ndani ya wiki mbili, mwili ukiwa bado unakumbuka. Si lazima iwe kubwa. Uliza swali kwenye mhadhara ukiwa umesimama. Jiunge na klabu ya midahalo kama chuo chako kinayo. Omba kusoma matangazo kanisani, au kutoa neno la shukrani kwenye kikao cha jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Kadi tano za zamani zifunge kwa raba na uziweke. Mwaka wa tatu, ukiambiwa utetee utafiti wako mbele ya jopo, utaanza kwa kuzifungua na kusoma yale maswali ya nyuma.